Ghala lilikuwa na unga, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Minnesota, juzi kwenye simu ulisema yule wakala wa serikali ya Marekani kwa Wadakota, wenyeji wa asili wa huko uliko, hana kosa, pesa ilichelewa Washington sasa yeye angefanyaje, bando likakata hapo hapo. Nimelala na hilo neno siku tatu. Nakujibu hapa hadharani, najua na binamu zetu watasoma.

Nusu nakubali. Thomas Galbraith alipewa ile kazi 1861, kugawa pesa na chakula ambacho Wadakota waliahidiwa kwenye mikataba ya 1851 walipoachia ardhi kubwa ya kusini mwa Minnesota. Pesa ya 1862 walizoea kuipata kama mwisho wa Juni hivi. Lakini serikali iko vitani na majimbo ya Kusini, wanavutana walipe dhahabu au zile noti mpya za karatasi, Juni ikaisha na Julai nayo ikaisha. Sawa, hapo yeye sio hazina.

Na ghala je? Mazao ya mwaka wa nyuma yalishaliwa na wadudu, watu wametoka kwenye baridi na njaa, ghala la kituo chake cha Yellow Medicine lina chakula ndani na jamaa anasema utaratibu ni pesa na chakula vitoke pamoja. Mpaka tarehe 4 Agosti walipovunja mlango ndio akaanza kutoa. Wadakota wa kituo chake kingine, Redwood, wakaomba na wao, hakutoa. Wenye maduka, ambao siku ya malipo walikuwa wanakata madeni yao kwanza, wakagoma kukopesha, na mmoja wao, Andrew Myrick, akasema wakiwa na njaa wale majani.

Hili linaniuma kwa sababu hujui, sijawahi kukwambia. Mwaka ule niliokuwa stoo ya mahindi ya msaada, tulisubiri orodha isainiwe siku tisa, na kuna mama alilala barazani na mtoto wake mgonjwa, mimi funguo niko nazo mfukoni naenda nyumbani nakula. Kwa hiyo ukiniambia "angefanyaje" mimi najua angefanya nini.

Tarehe 18 Agosti asubuhi Wadakota wakashambulia, vita ikalipuka Redwood. Mchana ule ule ile pesa yao, dhahabu ya dola 71,000, ikaingia ngome ya jeshi ya Fort Ridgely. Saa chache tu mdogo wangu! Mamia ya walowezi wakafa, 26 Desemba Wadakota 38 wakanyongwa na serikali mjini Mankato kwa mara moja, na wanawake, watoto na wazee kama 1,600 hivi wakafungiwa kambini chini ya ngome ya Fort Snelling baridi yote ile, wengi hawakutoka.

Fort Snelling ndio hiyo hiyo karibu na eapoti uliyotua. Ukipata ofu shuka pale chini mito inapokutana, kaa kidogo, halafu nipigie. Hata usiku nitapokea.