Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Akina Mama

Ndugu wanachama, mbukwenyi!

Akina mama wenzangu, akina baba mlioitikia mwaliko, na viongozi wa kijiji mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, karibuni. Hesabu za ada na mikopo mhazini atazisoma baada yangu. Mimi nimesimama kwa jambo moja tulilolibeba mwaka mzima: kuhara kwa watoto wetu wadogo.

Tulianza vibaya, na kosa ni langu kwa kuwa mpango ulikuwa wangu. Nilidhani mama hajui. Tukaitisha vikao chini ya mbuyu, tukaulizana: unanawa mikono wakati gani? Maji ya kunywa unayafanyaje? Akina mama wakajibu sawasawa, tena kwa haraka. Nilipaswa kulitarajia hilo. Mama yangu mzazi aliyasikia maneno hayo mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakati karibu watu milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nimelelewa nayo. Basi kwa nini watoto bado wanahara?

Tulipoacha maswali tukaanza kutembeleana majumbani, ndipo tulipoona. Sabuni ipo, lakini imekaa ndani kwenye beseni la nguo. Mama ametoka chooni, mtoto analia, uji unachemka. Hataingia ndani kuitafuta. Maji ni ndoo aliyoichota korongoni alfajiri, na ndoo hiyohiyo ni ya kupika, ya kunywa na ya kumwogesha mtoto. Ukimwambia anawe kila atokapo chooni, kila akimsafisha mtoto, kila kabla ya kupika na kabla ya kulisha, yeye anapiga hesabu ya ndoo. Hiyo si ujinga, ni ukame wa Dodoma.

Ndiyo maana tukapunguza hotuba tukatengeneza vibuyu chirizi: dumu la lita 5 lenye tundu dogo, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Maji yanachuruzika kidogo kidogo, na mikono inatakata kwa maji machache sana. Pembeni tunaning'iniza chupa ya maji yaliyokorogwa na sabuni ya unga. Kazi hii ndiyo ninayojivunia kuliko zote za mwaka huu, kwa sababu sasa sabuni iko pale mikono inapochafukia. Kwa wasio na kuni za kuchemshia, tumefundishana pia kutumia jua letu: maji yasiyo na tope, katika chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, yaanikwe kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mawingu yakitanda, yaachwe siku 2.

Yako mambo mengine ambayo kweli hatukuyajua vizuri. Wengi wetu tulikuwa tukimwaga kinyesi cha mtoto mchanga nyuma ya nyumba kwa kuamini kuwa ni maziwa tu, hakina madhara. Kina vijidudu kama cha mtu mzima, na mvua za Desemba zikianza, vyote vilivyotapakaa uani huishia kisimani. Kitupwe chooni. Tukazungumza pia juu ya uji unaopikwa asubuhi ukaachwa kwenye bakuli hadi mchana kwa joto hili letu. Hapo bibi mmoja akatuuliza kwa nini tumeiacha togwa. Aliuliza vema. Uji ukichachushwa kwa kimea cha mtama au uwele huwa na uchachu ambao vijidudu vingi vya kuhara haviustahimili. Togwa haiponyi kuhara, wala mtoto hapaswi kupewa kabla ya kutimiza miezi 6, kwani mpaka hapo ziwa la mama peke yake linamtosha. Lakini baada ya umri huo ni chakula chetu cha asili chenye kinga ndani yake.

Sasa niseme juu ya meno, ambayo wengi wetu huamini ndiyo yanayomharisha mtoto, na naomba bibi zetu wanisikilize kwa upendo. Mtoto akifika miezi 6 anaanza kuota meno, na wakati huohuo anaanza kutambaa kwenye mavi ya kuku, kuokota na kutia mdomoni, na kula chakula kisicho cha titi. Ndiyo sababu anahara. Meno yamekutwa tu mahali pa tukio. Wale wanaokata ufizi wa mtoto kutoa "meno ya nailoni" wanang'oa vichipukizi vya meno yake halisi na kumfungulia mlango wa maambukizi. Tumekubaliana katika chama hiki kwamba hatutampeleka mtoto huko tena. Tumekubaliana pia kuacha neno la kubemenda, yaani kudai kwamba mtoto anaugua kwa sababu mama amekutana na mwanamume angali ananyonyesha. Mama ambaye mtoto wake anahara, halafu akanyooshewa kidole kuwa amembemenda, huona aibu na kukaa kimya ndani, na siku hizo za ukimya ndizo zinazokausha maji mwilini mwa mtoto.

Akihara, apewe ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, mapema: pakiti moja katika lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita, na yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Aendelee kunyonya na kula. Apewe na zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, nusu kidonge cha miligramu 20 kama hajafikisha miezi 6, na kidonge kizima akizidi hapo. Hapa ndipo tunapoteleza: kuhara kukikoma siku ya tatu, vidonge vinawekwa darini. Vilivyobaki ndivyo vinavyomkinga asihare tena miezi miwili mitatu ijayo. Ukiona macho yamebonyea, hanyonyi, amelegea hazinduki, anatapika kila kitu au kinyesi kina damu, usingoje kesho.

Lipo jambo lililoniuma. Mwaka huu nilimsindikiza mama mmoja kituo cha tiba, tukarudi na dawa ya kufunga tumbo bila ORS wala zinki. Nimelifikisha kwa wahusika na ninafuatilia.

Chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa 2013, inaendelea vizuri kwa watoto wa wanachama. Kumbukeni tu kwamba matone huanza wiki ya 6.

Kwa mwaka ujao ninaleta ombi moja mbele yenu. Mama anaweza kujua yote haya, lakini mkwe akisema mtoto asipewe maji mengi kwa kuwa ndiyo yanayomharisha, maji hayatatolewa. Baba asipotoa nauli, zahanati haifikiki. Kwa hiyo naomba mkutano uridhie kwamba kuanzia kikao cha kwanza cha mwaka mpya, kila mwanachama mwenye mtoto wa chini ya miaka 5 aje na bibi wa mtoto, au baba yake, au yule anayebaki naye nyumbani mama akienda shamba. Viti tutaazima kanisani na msikitini, nimeshazungumza nao.