Kabla ya kununua friji ya mashua, pima kasha

Mhariri,

Wenye mashua ndogo za tanga wanaojiandaa kwa safari ndefu huanza kwa kuuliza kompresa (mashine inayosukuma gesi ya kupozea) ipi ni nzuri. Swali hilo huja mapema mno. Kinachomaliza betri ni joto linalopenya kuta za kasha la friji, na kasha bovu halitibiwi na mashine yoyote, iwe ghali vipi.

Kulipima ni kazi ya siku mbili. Tia barafu ya kutosha, kilo 15 au zaidi, uiache usiku kucha ili kuta zipoe. Asubuhi toa maji yote, funga kifuniko na usikiguse kwa saa 24. Baada ya hapo kinga maji yaliyoyeyuka, uyapime. Kila lita ni sawa na wati-saa 93 za joto lililoingia, na kompresa ndogo ya volti 12 itahitaji kama ampea-saa 6 kulitoa. Ukipata lita 5, hizo ni ampea-saa 30 kwa siku kabla hata hujafungua kifuniko. Lita 4 za maji ya kunywa kutoka nyuzi 30 hadi 5 zinadai ampea-saa 7 nyingine. Ongeza basi nusu ya hesabu yako, na kama chombo kina watoto, ongeza zaidi.

Hesabu ikiwa kubwa, fedha ziende kwenye foamu kwanza. Unene wa sentimita 5 ukifanywa 10, joto linalopita kwenye kuta hupungua karibu nusu. Kwa friza weka 15. Foamu iwe ya vitundu vilivyofungwa. Ile nyeupe ya chembechembe hunywa unyevu polepole, na ikishalowa haizuii kitu. Unyevu hutoka upande wa joto kwenda wa baridi, kwa hiyo karatasi ya alumini au nailoni hukaa upande wa nje wa foamu, na maungio yake yazibwe kwa utepe. Wengi huiweka ndani, na foamu hulowa bila mtu kujua. Nafasi ikiwa finyu, punguza ujazo: lita 60 ndani ya kuta nene zinashinda lita 120 ndani ya kuta nyembamba. Mlango uwe juu, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na mlango wa mbele huimwaga kila ukifunguliwa. Kwa sababu hiyo hiyo, tundu la kutolea maji lisiachwe wazi kuelekea ngama, yaani chini kabisa ya mashua ambako maji hukusanyika. Liwe na kizibo.

Sasa mashine. Friji ya gesi ya kupikia inataka kukaa wima, haivumilii chombo kinacholala upande siku nzima, na mwako wake ndani ya chumba ni hatari. Vipozeo vya umeme visivyo na kompresa ni rahisi kununua, lakini hushusha joto nyuzi 20 hivi tu chini ya hewa iliyopo na hula umeme bila kupumzika. Mabamba mazito ya kuhifadhi baridi yanayopozwa na kompresa ya injini yana maana kwa anayewasha injini kila siku kwa sababu nyingine. Kwa mashua ndogo inayotegemea upepo na sola, chaguo letu ni kompresa ya volti 12 na bamba jembamba la baridi.

Mashine yenyewe ipozwe kwa hewa au kwa maji? Anza na hewa. Haihitaji tundu kwenye chombo, na hufanya kazi hata chombo kikiwa nchi kavu. Ila isifungiwe kabatini ikavuta tena hewa moto iliyoitoa yenyewe: ipe njia ya hewa kuingia chini na nyingine ya kutokea juu.

Umeme: tuseme mashine inavuta ampea 5 na kufanya kazi nusu ya muda. Hizo ni ampea-saa 60 kwa siku. Betri za risasi zisishushwe chini ya nusu, hivyo siku mbili za mawingu zinataka betri zenye jumla ya ampea-saa 240. Paneli za wati 200 ndizo za chini kabisa, na zisifunikwe na kivuli cha tanga.

Malalamiko mengi ya "friji imekufa" hutokana na waya. Kompresa za Danfoss, sasa Secop, za aina ya BD35 hujizima kwa kawaida volti zikishuka hadi 10.4 na haziwaki mpaka zifike 11.7. Waya wa milimita mraba 4 usizidi mita 4, wa 6 usizidi mita 6, na utoke moja kwa moja kwenye betri ukiwa na fyuzi ya ampea 15. Taa ya kidhibiti, kisanduku cha umeme cha kompresa, ikimweka mara moja, umeme ni hafifu. Mara mbili, feni inavuta umeme kupita kiasi. Mara tatu, mota imeshindwa kuanza. Mara tano, kidhibiti kimepata joto kupita kiasi. Hakuna kati ya hizo inayotibiwa kwa kuongeza gesi ya kupozea, ingawa ndilo jambo la kwanza fundi wa friji za nyumbani hulifanya. Mitambo hii hubeba makumi ya gramu tu za gesi hiyo. Bomba linalorudisha gesi kwenye kompresa likiota barafu nje ya kasha hadi karibu na kompresa, gesi imezidi. Itolewe na fundi mwenye kifaa cha kuikusanya, isiachiwe hewani.

Wasalaam,
Mafundi wa friji za mashua