Safari ya picha za vuli: mbona mchana tunakulaza?

Oktoba ikikaribia, swali huwa lile lile: "Nimelipia siku nzima, mbona saa nne mnanirudisha kivulini?" Haki yako kuuliza. Malindi tuko karibu na ikweta, na jua la hapa likishachomoza hupanda wima, halina subira. Linatoka karibu saa kumi na mbili, na ikigonga saa mbili ule mwanga laini umeshakwisha. Unabaki weupe unaofifisha kila rangi, na kivuli cheusi chini ya kofia ya kila mtu. Kwa hiyo tunatoka mjini usiku usiku, na mchana unakula, unalala, unachaji betri. Anayetaka kupiga picha saa saba hatumzuii, lakini gari halitoki.

Wapo wanaoogopa vuli kwa sababu ya mvua. Sisi tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Nenda Marafa, kwenye korongo la Nyari, kama kilomita 30 na kitu kutoka mjini. Kuta zake ni mchanga ulioshikana, tabaka juu ya tabaka: nyeupe, waridi, chungwa, nyekundu. Mvua ndiyo iliyolichonga, na bado inaendelea na kazi. Likikauka sana rangi hupauka kwa vumbi. Likinyeshewa jana, leo jioni linawaka. Tunafika saa kumi alasiri na kushuka chini na vijana wa kijijini, ambao wanajua njia ipi inateleza. Wao ndio waongozaji pale, sisi tunakusaidia na kamera tu. Na ukitaka kumpiga mtu picha, omba kwanza. Akikataa, yamekwisha.

Tsavo Mashariki ni hesabu nyingine, na hapa tunasema ukweli hata kama utatukosesha mteja. Kabla ya mvua wanyama wanabanana kwenye mto Galana, na ndovu wamejipaka udongo mwekundu hadi masikioni. Ukitaka ndovu wengi, njoo mapema. Mvua ikishanyesha vizuri wanatawanyika, kwa kuwa maji yako kila mahali, na nyasi zinawaficha. Ila hewa inasafishika: ng'ambo ya mto uwanda wa Yatta unaonekana mstari mrefu usiokatika, na ukifika upande wa Voi unaiona milima ya Sagalla na Taita mikunjo yote, mawingu yakiwa yamekaa juu yake. Kwa picha za milima, mimi ningechagua Novemba bila kufikiri mara mbili. Hifadhi hufungwa saa kumi na mbili jioni, jua nalo linazama karibu saa hiyo hiyo, kwa hiyo machweo ya Galana ni ya anayelala ndani.

Ndege tunawapangia kwa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Siku hizo maji ya Mida, hori ya bahari karibu na Watamu, hujaa alasiri, na kadiri yanavyopanda, vitwitwi na sululu waliokuja kutoka kaskazini ya mbali wanasukumwa wakusogelee wenyewe. Huna haja ya kukanyaga tope. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana, hatuendi, hata ukituongeza pesa.

Jambo moja dogo linalowaharibia wengi asubuhi yao: kamera iliyolala chumba chenye kiyoyozi. Ukiitoa nje kwenye joto letu la pwani, kioo kinashika ukungu mara moja, na ukikifuta kinashika tena, huku jua linapanda. Iweke ndani ya mfuko uliofungwa, uutoe kibarazani nusu saa kabla ya safari, usiufungue. Lenzi ndefu usiishike kwa mikono garini; tunabeba vifuko vya mchele vya kuiegemeza dirishani, na dereva huzima injini kila tukisimama ili picha isitikisike.

Droni iache nyumbani kama huna kibali. Kiingilio cha hifadhi hakimo katika bei yetu: kinalipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si taslimu langoni, na raia na wakazi wana bei yao, kwa hiyo beba kitambulisho. Ukituandikia, tuambie una kamera gani na unataka nini zaidi, ndovu, ndege au milima, tukupe tarehe inayofaa.