Hao wadudu wameijulia wapi?

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mpe Mjomba pole zangu, umwambie nangoja siku atakayokaa kitandani na kuanza kuwagombeza wauguzi, hapo nitajua amepona. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa wasiwasi, mara ya pili kama mtu wa maabara, na hiyo ya pili ndiyo iliyonichelewesha kujibu. Unisamehe.

Umeuliza swali moja, la pili umelificha. Ulilouliza ni hili: kama dawa anayopewa Mjomba ni mpya, hao wadudu, yaani bakteria wanaomsumbua, wameijulia wapi hata ikashindwa kuwaua? Ulilolificha ni kwamba unashuku maabara wamechanganya sampuli. Sikulaumu. Majibu ya kwanza yalionyesha meropenemu, dawa ya zamani ya kuua bakteria, R, yaani mdudu ni sugu, na seftazidimu-avibaktamu, ile mpya, S, yaani dawa inamuweza. Baada ya wiki mbili za dripu, herufi zimebadilishana viti: dawa mpya imekuwa R, ile ya zamani imerudi kuwa S. Mimi nilipokutana na majibu ya aina hiyo mara ya kwanza nilirudia kipimo mara tatu, na moyoni nikamtuhumu mwenzangu wa zamu ya usiku. Nilimkosea. Mdudu alikuwa yuleyule, ila ndani yake imebadilika herufi moja tu ya vinasaba.

Nianze na swali lako. Hawakuijulia popote. Bakteria kama E. koli, akiwa na chakula cha kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kila anapogawanyika hunakili upya kitabu chake cha vinasaba chenye herufi milioni 4.6. Mnakili huyo ni hodari kuliko karani yeyote unayemfahamu, lakini si malaika. Katika kila bakteria elfu moja wapya, mmoja au wawili watatoka na herufi iliyokosewa. Sasa fikiria kidonda au pafu lenye bakteria mabilioni. Karibu kila kosa linalowezekana limeshafanyika humo, kabla daktari hajaandika dawa. Dawa haimfundishi mdudu kitu; inawaua wenzake na kumwachia uwanja yule aliyekosewa kwa bahati. Hili lilionyeshwa mwaka 1943 na Salvador Luria na Max Delbrück, kwa kuwapambanisha bakteria na virusi vinavyowaua. Waliotesha makundi mengi madogo mbalimbali, kisha wakahesabu waliosalimika. Makundi mengi hayakuwa na hata mmoja, machache yalifurika. Kama usugu ungekuja baada ya kukutana na adui, hesabu zingekaribiana.

Tuje kwa Mjomba. Mdudu wake, bakteria aitwaye Klebsiela, ana kimeng'enya (protini yenye kazi maalumu) kinachoitwa KPC. Kilipatikana kwanza kwenye sampuli ya mwaka 1996 kutoka North Carolina, Marekani, na tangu hapo kimesambaa duniani, kwa sababu jeni yake hukaa kwenye plasmidi, kijiduara cha vinasaba ambacho bakteria hupeana kama watoto wanavyopeana majibu ya mtihani. KPC ni mkasi. Hukata dawa za ukoo wa penisilini, meropenemu ikiwemo, kabla hazijafanya kazi. Ndipo ikaja avibaktamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 ikiwa pamoja na seftazidimu. Avibaktamu yenyewe si muuaji wa maana. Kazi yake ni kujichomeka katikati ya mkasi ili usifunge, seftazidimu ipite.

Sasa sikiliza utamu wake, kama neno utamu linafaa hapa. Protini ni mnyororo, na viungo vyake huitwa asidi amino. Kwenye KPC, kiungo cha 179 ni asidi aspatiki. Jeni ikikosewa herufi moja mahali hapo, G ikaandikwa T, kiungo hicho kinakuwa tairosini. Sisi tunaandika D179Y: D ni asidi aspatiki, Y ni tairosini. Sehemu hiyo ya mkasi inalegea na kubadili umbo: avibaktamu haishiki tena vizuri, na seftazidimu inanaswa humohumo. Dawa mpya imeshindwa. Lakini mkasi uliolegea hivyo hauna tena makali ya kukata meropenemu! Mdudu amekimbia mvua akaoga mtoni. Mwaka 2017 madaktari wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 3 ambao hali hii iliwatokea wakiwa katikati ya matibabu, baada ya siku 10 hadi 19 za dawa. Hesabu siku za Mjomba uone.

Kwa hiyo naamini majibu yale si ya mtu mwingine. Ila usiwahi kushangilia hiyo S ya meropenemu. Maabara wameshajaribu: bakteria wa aina hii wakiwekwa kwenye meropenemu peke yake, usugu unaweza kurudi, ama kwa mkasi kunolewa upya, ama kwa njia nyingine kabisa. Njia hiyo nyingine ni milango. Klebsiela ana vitundu kwenye ukuta wake wa nje ambamo dawa hupitia, na wataalamu huviita porini (usicheke, si porini kwa swala). Jeni za vitundu hivyo, OmpK35 na OmpK36, zikiharibika, dawa hubaki nje ikibisha hodi. Hasara ni kwamba chakula nacho kinaingia kwa shida, lakini mdudu aliye vitani huona afadhali njaa.

Kuna dawa iliyotumia njaa hiyohiyo kama mtego: sefiderokoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Bakteria huhangaika sana kutafuta madini ya chuma, basi dawa imeundwa ikashika chuma, mdudu anaivuta ndani mwenyewe kama samaki na chambo. Mimi niliipenda mno nilipoisoma, nikadhani hapo wamepatikana. Kumbe wapo wanaopoteza jeni ya cirA, mmoja wa midomo inayokula chambo hicho, na dawa inapungua nguvu. Nilinuna siku nzima.

La kufanya? Mimi si daktari wa Mjomba na sitaki kujifanya. Lakini waulize mambo mawili kwa adabu. Kwanza, kama wameotesha sampuli mpya, ya juzi na si ya wiki iliyopita, kwa sababu kundi linaweza kuwa na mchanganyiko: wengine wana KPC ya zamani, wengine hii iliyobadilika. Pili, kama jeni yenyewe imeangaliwa. Baadhi ya vipimo vya haraka vya kutafuta vimeng'enya hivi humpita mdudu wa D179Y bila kumwona, na karatasi ikaandikwa kwamba hana KPC wakati anayo. Hapo ndipo watu hubishana bure wodini.

Nasikia pia wamezungumzia kumpa meropenemu pamoja na vaborbaktamu, kizibo kingine cha mkasi uleule. Ni wazo la watu wanaojua wanachofanya, ilimradi ile milango ya ukuta iko wazi, kwa maana vaborbaktamu nayo hupitia humo.

Majibu ya tatu yakitoka, nipigie picha karatasi nzima, si mstari wa mwisho tu. Nataka kuona zile namba ndogo zilizo pembeni ya S na R. Na uniandikie kama Mjomba ameanza kugomba.

Wako wa siku zote.