Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha North Carolina: shikamoo ya Mzee Belichick na vijana sabini

Durham, North Carolina
Desemba 2025

Mheshimiwa Lee Roberts,

Habari za kazi. Najua barua nyingi zinazokufikia mwezi huu zinahusu mpira, na nyingi zina matusi. Hii haina matusi, ila ni ya Kiswahili. Sikuona haja ya kuhangaika na Kiingereza wakati chuo chako kinafundisha Kiswahili madarasani. Mpe mwanafunzi mmoja akusomee, itamsaidia kwenye mtihani. Isitoshe, ninaowaandikia pamoja nawe ni Waswahili wenzangu wa Durham, Raleigh na Greensboro, Watanzania, Wakenya na Wakongo, ambao msimu mzima, tukikutana msibani au harusini, tumekuwa tukiulizana: hivi yule mzee walimwita aje afanye nini hasa?

Yule mzee ni Bill Belichick, mwenye miaka 73. Wewe nimekupa "habari za kazi"; yeye nikikutana naye nitampa shikamoo.

Kwa msomaji aliyeko Tanga au Bukavu nieleze kidogo. Nazungumzia futiboli ya Marekani, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la papai. Belichick aliifundisha New England Patriots, timu ya NFL, yaani ligi ya kulipwa, misimu 24 na kuipa mataji sita ya Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Desemba 2024 chuo chetu kikampa mkataba wa miaka mitano, dola milioni 10 kila mwaka, mitatu ya mwanzo ikiwa na dhamana. Nilikuwa nataka kusema ni kama Alex Ferguson angepewa timu ya chuo kule Mwanza, lakini mfano huo unapotosha, maana timu ya chuo huku hujaza uwanja wa watu 50,500 na mechi zake huonyeshwa nchi nzima. Tofauti ni kwamba wanaocheza ni wanafunzi, na Mzee Belichick katika maisha yake yote hakuwahi kufundisha timu ya chuo hata siku moja.

Tarehe 1 Septemba tulikaa sebuleni kwangu watu wanane, pilau mezani, kuangalia mechi ya kwanza dhidi ya TCU kutoka Texas. Kamera zilikuwa zinatuonyesha mastaa waliosoma chuo hiki: Michael Jordan jukwaani, Lawrence Taylor jukwaani, Mia Hamm jukwaani. Mpira wa kwanza tu tuliouchukua, tukafunga. Saba bila. Jirani yangu Mkongo akasimama akacheza rumba. Kisha TCU wakapiga pointi 41 mfululizo bila sisi kujibu, na mwisho ubao ukasoma 48 kwa 14. Katika maisha yake yote ya ukocha mkuu, timu ya Belichick haikuwahi kuruhusu pointi nyingi hivyo. Pilau lilibaki, tukafungasha.

Yaliyofuata unayajua. UCF, chuo cha Florida, wakatupiga 34 kwa 9. Clemson walikuja nyumbani kwetu, wakawa wanaongoza 28 kwa 3 robo ya kwanza ikiisha, na watu wakaanza kuelekea maegesho kabla ya mapumziko. Ukiziweka pamoja mechi hizo mbili na ile ya TCU, tumefungwa pointi 120, tumefunga 33. Msimu ukaisha kwa ushindi mara nne na vipigo vinane, na kati ya hao wanne tuliowashinda mmoja, Richmond, anacheza daraja la chini yetu.

Sasa hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu wenzangu wengi wanaishia kwenye umri. Wanasema mzee amechoka, arudi nyumbani akalee wajukuu. Wengine wanaleta habari za chumbani kwake, ambazo magazeti yamezishiba. Mimi huko siingii. Nadhani wote hawajagusa penyewe.

Kule alikotoka Belichick, anayefungwa hupewa kitu. Timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua vijana wapya kabla ya wengine. Msimu wake wa mwisho na Patriots ulikuwa wa ushindi 4 na vipigo 13, na vipigo hivyo ndivyo vilivyowapa New England zamu ya tatu ya kuchagua mwaka 2024. Wakamchagua nani? Drake Maye, kotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) wa chuo hiki hiki, kijana wa North Carolina. Leo Maye anang'ara kule chini ya Mike Vrabel, na aliyemtengenezea nafasi, kwa kufungwa kwake, yuko huku kwetu anafungwa tena. Ningekuwa na roho mbaya ningecheka.

Huku chuoni anayefungwa hapewi chochote. Hapewi zamu ya kwanza wala ya mwisho. Anatakiwa aende akakae sebuleni kwa mama wa kijana wa miaka kumi na saba, anywe chai aliyopewa, amweleze mama yule kwa nini mwanawe aje Chapel Hill, kilipo chuo chetu, na si Clemson. Na akishampata, kila mwaka dirisha la uhamisho likifunguliwa, kijana anaweza kuondoka. Muda wa mazoezi nao una mpaka, saa 20 kwa wiki, kwa sababu kijana ana darasa. Kule kwenye ligi ya kulipwa mchezaji anaingia kazini asubuhi kama fundi, anatoka jioni. Mwalimu aliyezoea mafundi amepewa wanagenzi, na kila msimu wanagenzi wanabadilishwa.

Ndiyo maana idadi inayoniuma msimu huu ni 70, kuliko hata zile pointi 48. Wachezaji wapya kama sabini waliingia kwenye kikosi kwa mwaka mmoja. Michael Lombardi, meneja mkuu aliyekuja na Belichick, alituambia tunajenga timu ya 33 ya NFL, yaani kwamba baada ya zile 32 za kulipwa, inayofuata ni yetu. Watu sabini, Mheshimiwa! Hiyo ni harusi ambayo nusu ya wageni hawamjui bwana harusi. Sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga tunajua usajili wa namna hiyo unavyonukia Agosti na unavyooza Oktoba. Unamwona beki anamtazama mwenzake baada ya kupitwa, na machoni mwake hamna hata hasira, kwa sababu hasira nayo inataka mazoea.

Nisiwe mchoyo wa haki. Baada ya kile kipigo cha Clemson timu ilianza kufanana na timu. Kule California tulikuwa tunaelekea kuongoza, kijana wetu akanyoosha mkono kuvuka mstari, mpira ukamponyoka mlangoni kabisa. Tukafungwa 21 kwa 18. Virginia walitutoa 17 kwa 16 kwenye muda wa nyongeza baada ya sisi kuchagua kutafuta pointi mbili badala ya moja, tukazuiwa hatua fupi kabla ya mstari. Mimi ule uamuzi niliupenda na bado naupenda. Kisha tukawashinda Syracuse 27 kwa 10 na Stanford 20 kwa 15. Katika mechi hizo nne ulinzi, ambao unasimamiwa na Steve, mwana wa mzee, uliruhusu pointi 63 tu. Kwa hiyo kufundisha anafundisha. Tatizo ni kwamba vijana walianza kujuana Oktoba, na msimu ulianza Septemba.

Halafu akaja Duke.

Mimi naishi Durham, kwenye mji wa chuo cha Duke, kama maili kumi kutoka ofisini kwako. Kwetu hii ndiyo dabi. Baba yake Belichick alikuwa kocha msaidizi hapo Chapel Hill miaka ya 1950, na siku anatambulishwa mzee alisimulia kwamba, kwa masimulizi ya nyumbani kwao, maneno yake ya kwanza utotoni yalikuwa "mpige Duke". Ukumbi ukayeyuka. Mimi pia niliyeyuka, sitaki kusema uongo. Basi Novemba 22 tulikuwa tunaongoza 25 kwa 24, mechi inakwisha, Duke wakajipanga kama wanataka kupiga mpira golini. Mpigaji wao akauchukua mkononi na kukimbia nao hadi mlangoni petu. Ikawa 32 kwa 25. Kocha mwenye mataji sita, anayesifika dunia nzima kwa kuwaandaa watu wake kwa kila hila, alidanganywa na mtu wa kupiga mpira kwa mguu. Kengele ya Ushindi, tuzo ya mshindi wa dabi hii, ambayo Duke waliichukua mwaka 2024 kwa tofauti ya pointi moja, imebaki hapa Durham. Kazini kwangu kuna mtani mmoja ameiweka kama mlio wa simu yake. Wiki iliyofuata NC State walitumalizia 42 kwa 19, lakini mimi nilikuwa nimeshakufa ganzi.

Usidhani naandika ili umtimue. Huko tunakojua sisi kutimua ni ugonjwa. Novemba 2024 Yanga walimfungashia virago Miguel Gamondi, aliyekuwa amewapa ubingwa wa 2023/24, kisa mechi mbili za ligi mfululizo, Azam na Tabora United. Mwezi huohuo, ukiangalia kalenda yako, chuo chako kilimwondoa Mack Brown, kocha aliyeshinda mechi nyingi kuliko yeyote katika historia ya timu hii. Nilizisoma habari zote mbili ndani ya mwezi mmoja nikajisemea kumbe Jangwani na Chapel Hill ni mtaa mmoja. Brown alikuwa na ushindi sita na vipigo sita, na tukaambiwa hiyo haitoshi. Aliyekuja ana ushindi nne na vipigo vinane, kwa dola milioni 10. Oktoba chuo na kocha walitoa tamko kwamba wako pamoja, na msimu ulipokwisha miongoni mwa walioondolewa ni Freddie Kitchens, mratibu wa mashambulizi. Kwetu tunamwita huyo mbuzi wa kafara, na si mara zote mbuzi ana kosa.

Wala simbebeshi Belichick mzigo wa miaka arobaini. Chuo hiki kilichukua ubingwa wa ACC, ligi ya vyuo tunayochezea, kwa mara ya mwisho mwaka 1980, Lawrence Taylor akiwa bado mwanafunzi. Kikapu mmeweza, futiboli haijawahi kukaa sawasawa. Makocha wamepita wengi, na kila anayekuja huambiwa yeye ndiye aliyekuwa akisubiriwa.

Ninachokuomba ni maelezo, na nakuomba wewe, si kocha, kwa sababu saini za mkataba zilitoka kwenu, wewe na Bodi ya Wadhamini. Ulitoka kwenye fedha; uliwahi kusimamia bajeti ya jimbo hili. Mtu wa fedha hanunui bidhaa ya dola milioni 50 bila kuandika mahali fulani anatarajia nini. Tuonyeshe hiyo karatasi. Mliandika ushindi ngapi kwa mwaka wa kwanza? Mliandika nini kuhusu vijana kuhitimu? Au mliandika jina tu? Chuo hiki ni cha umma, kilifungua milango mwaka 1795, na mwalimu anayemfundisha mwanafunzi wako kusema "hamjambo" hujaza fomu akitaka kununua kamusi.

Na kuhusu wale vijana sabini. Tangu Julai 2025 chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka huu wa kwanza kwa michezo yote. Sina kinyongo, wanafanya kazi, walipwe. Ila dirisha linafunguliwa Januari, na nasikia harufu ileile ya Agosti. Ikiwa mtawatoa hawa walioanza kujuana na kuleta wengine sabini, mwakani tutarudi kukaa sebuleni kutazama watu wasiojuana. Mwambie mzee awabakize wengi kadiri awezavyo, hata wale wasio na majina. Yule wa California aliyeponyokwa na mpira mlangoni nataka abaki. Hatasahau kuushika mpira maisha yake yote.

Mwakani mechi ya kwanza ni tarehe 29 Agosti, Dublin, Ireland, na mpinzani ni TCU walewale. Jirani yangu ameshasema pilau atapika yeye. Nijibu kabla ya hapo, kwa lugha yoyote utakayopenda.

Wako,
Mswahili wa Durham, shabiki wa Tar Heels (ndiyo timu yako) kwenye mji wa Duke