Barua kwa mwanangu aliye Tabora: sikuulizi tena kama zimeisha

Baba yangu, hujambo? Sisi huku Kibirizi wazima. Mbalamwezi imewaka, mitumbwi haiendi ziwani, leo sina dagaa wa kuanika ndo nimepata nafasi ya kukuandikia, maana kwenye simu nikisikia tu sauti yako nalia naharibu.

Nataka nikuombe msamaha. Miaka yote ile ulikua unanipa shikamoo na kabla sijaitikia nshakuuliza zile sauti unazosikia kichwani, "zimeisha?" Kila asubuhi. Ukaona mama anachoka ukaanza kunijibu zimeisha, kumbe bado zinakusema mchana kutwa, na mwisho ukaacha dawa ukasema kama hazizimi zote za nini. Ile wiki tuliyokutafuta mpaka Ujiji sitaki hata kuikumbuka. Mimi ndo nlikufundisha kudanganya mwanangu. Na kabla ya hapo nlishakutembeza kwa waganga mpaka cherehani ya marehemu baba yako tukaiuza, hiyo nayo inaniuma hadi leo.

Nesi mmoja ndo alinikalisha chini akaniambia mama, kuna mtu dawa zinamzimia sauti kabisa na kuna mtu zinamshushia tu, huyo wa pili akiziacha zinapanda tena, lakini akiendelea nazo anaweza kufanya kazi, kuoa, kulea. Nlirudi nyumbani nikakaa pale mwaloni. Maboti yananguruma tangu alfajiri, watu wanagombana bei, na mimi miaka yote nahesabu hela zangu hapohapo sikosei. Sijawahi kusema nisubiri pwani inyamaze ndo niuze. Sasa kwa nini wewe nlitaka usubiri?

Mdogo wako alinisomea pia habari za daktari mmoja wa Uholanzi, Marius Romme. Mwaka 1987 alienda kwenye TV na mgonjwa wake Patsy Hage, wakaomba wanaosikia sauti wajitokeze. Walijitokeza kama 450, na kama 150 kati yao wakasema wanaishi nazo vizuri tu. Nikamwambia arudie kusoma. Watu 150! Na daktari akakaa akawauliza hao wanafanyaje, yaani swali ambalo mimi sikuwahi kukuuliza hata siku moja.

Ulivoniambia juzi kwamba zikianza unaimba chini chini huku unashona na zinapungua, nlifurahi kuliko siku ulipofaulu. Na ile ya kuziambia "njooni saa kumi na moja nikifunga kazi", nlimsimulia nesi akasema kuna wengi inawasaidia. Endelea nayo. Zikikutukana sio lazima uzijibu, na zinachosema juu yako sio kweli, mi ndo nimekuzaa nakujua.

Alafu usingizi baba. Kazi ya sikukuu ikizidi mwambie fundi ukweli, usikeshe, we mwenyewe unajua ukikosa kulala siku mbili kinachofuata. Bangi hata wakikupa bure usiiguse. Hiyo dawa yako ya klopromazini inafanya ngozi iungue upesi na jua la Tabora nalijua, vaa kofia na mikono mirefu. Ikikulegeza sana asubuhi usiipunguze mwenyewe, nenda kliniki waambie wakupangie upya, na wasipokusikiliza mara ya kwanza rudi tena.

Ile alama yetu nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani: ukianza kufunika kioo na nguo, au ukiacha kupokea simu ya dada yako, napanda treni nakuja, sisubiri uniite. Na zikianza kukuamrisha ujiumize au umuumize mtu, usibishane nazo peke yako chumbani hata kama ni saa nane usiku. Mgongee baba mwenye nyumba, anajua, nlishaongea nae, mwende hospitali usiku huohuo. Hiyo sio kushindwa. Mtu wa malaria akizidiwa si tunambeba?

Wanaokuita kichaa huko mtaani sina la kuwafanya, ila yule mama wa sare za shule kakuletea vitambaa mara ya pili, na mtu harudishi kitambaa kwa fundi mbaya.

Nimekutumia dagaa na dumu dogo la mawese kwa treni. Kifuniko kimefungwa na nailoni tu, usililaze. Jumapili ntakupigia, ntaitikia shikamoo yako kwanza, alafu uniambie umelalaje na lile gauni la bi harusi limefikia wapi.

Mama yako.