Sikerwi na gemu ngumu, nakerwa na gemu inayonionea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo gazeti lako huligusa mara chache, na kila linapoguswa huwa ni kwa lawama: michezo ya video, ambayo mitaani tunaiita gemu. Wiki chache zilizopita ulichapisha maoni ya mzazi mmoja aliyeandika kwamba gemu zote ni kitu kimoja na kwamba kazi yake ni kuwapotezea vijana muda. Nauheshimu uchungu wa mzazi yule. Hata hivyo, mimi nimecheza gemu tangu nikiwa darasa la tano hapa Morogoro, leo nina familia na bado nacheza watoto wakishalala, na kwa uzoefu huo nasema kwamba kuzitia zote kapu moja kunamnyima mzazi huyo kitu anachokihitaji kuliko lawama, yaani kipimo cha kutenganisha gemu inayomjenga mtoto na ile inayomkamua.

Kipimo ninachokitumia nilikipata kwa babu yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kushika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu, maishani mwake. Alikuwa mchezaji wa bao, bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, na kila jioni alinifunga tukiwa bado tunanamua, kabla hata sijamaliza kete za mkononi. Nilinuna sana, lakini sikuwahi kuona nimeonewa, kwa sababu kila aliponifunga alizirudisha kete nyuma na kunionyesha shimo ambalo ningeanzia nisingeliwa. Kosa lilikuwa langu na dawa yake ilikuwa mikononi mwangu. Gemu ninayoipenda ni ile inayonifunga kama babu alivyonifunga. Inayonikera ni ile inayonifunga nikabaki sijui nimekosea wapi, au mbaya zaidi, inayonifunga kwa makusudi ili iniuzie njia ya kutokea.

Chukua Super Mario Bros. ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1985 na kutufikia sisi miaka mingi baadaye katika kaseti za TV gemu zilizouzwa sokoni. Picha yake ya kwanza naiona hadi leo nikifumba macho. Mario, yule mtu unayemwendesha, amesimama upande wa kushoto, mbele yake ni kutupu, kwa hiyo kidole chenyewe kinakwenda kubonyeza kulia. Mara anatokea mdudu wa kahawia mwenye umbo la uyoga, anakuja taratibu. Ukisimama tu atakugusa na utakufa, utarudi mwanzo baada ya sekunde chache, na safari hii utaruka. Ukiruka, huenda kichwa kikagonga tofali lenye alama ya kuuliza, uyoga ukachomoka, ukaukimbia kwa kuwa unafanana na adui aliyekuua, ukakufikia hata hivyo, na ukajikuta umekuwa mkubwa. Halikuhitajika neno hata moja la Kiingereza, nasi wa darasa la tano Kiingereza chenyewe tulikuwa hatukijui. Mbunifu wake Shigeru Miyamoto na wenzake walipanga somo zima mahali padogo kama pale, na aliyekufa hapo alijua fika kwa nini amekufa.

Contra, gemu ya bunduki ya kampuni ya Konami, ilikuwa habari nyingine. Ilikuwa ngumu kupita kiasi, risasi moja ilitosha kukumaliza, na maisha matatu hayakutufikisha mbali. Tulichokuwa nacho ni siri ya vitufe iliyopokezwa mdomo kwa mdomo kwenye kibanda cha kuchezea gemu: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha unaanza, na yale maisha 3 yanakuwa 30. Nilipokuwa mkubwa ndipo niliposoma kwamba siri ile ilianzia kwa Kazuhisa Hashimoto, mtaalamu wa Konami aliyefariki mwaka 2020, alipokuwa akiitayarisha gemu ya Gradius kwa mashine ya nyumbani mwaka 1986. Aliiweka kwa sababu gemu hiyo ilimshinda yeye mwenyewe wakati wa kuijaribu, na kampuni ikaendelea kuitia katika gemu nyingine. Nilifarijika mno kusoma hivyo. Mtengenezaji anayejua kwamba kazi yake ni ngumu, kisha akamwachia mchezaji aliyeelemewa mlango wa pembeni bila kumdai chochote, anamheshimu mchezaji huyo.

Kisha ikaja PlayStation 2, mashine ambayo Sony iliizindua mwaka 2000 na ambayo mtaani kwetu ilitawala hata baada ya utengenezaji wake kukoma mapema mwaka 2013. Ilikuwa shilingi 100 kwa mechi, aliyefungwa anapisha, aliyeshinda anabaki na pedi. PES 6, gemu ya mpira ya Konami, ndiyo iliyokuwa na foleni ndefu kuliko zote. Sitaificha kasoro yake: watangazaji walirudia maneno yaleyale, na timu nyingi za Uingereza zilipewa majina ya kubuni kwa kuwa Konami haikuwa na haki za kuyatumia majina yao halisi. Zaidi ya hayo, Adriano wa Inter alikuwa na mguu wa kushoto ambao hakuna kipa aliyeuweza, hata mwenye kibanda akalazimika kuweka sheria kwamba aliyeshinda mechi tatu mfululizo haruhusiwi kuichagua Inter. Lakini ukimtoa Adriano, kila bao ulilofungwa ulilielewa. Ulimvuta beki mapema, ulichelewa kutoa pasi, ulikandamiza kitufe cha kupiga kwa muda mrefu na mpira ukapaa juu ya mwamba. Uliweza kumwambia mwenzako kosa lako kabla hajakucheka.

Ndani ya PES hiyohiyo kulikuwa na Master League, sehemu ya kuijenga timu yako msimu hadi msimu, ambayo kwangu ndiyo iliyokuwa raha kuu. Ulianza na kikosi cha wachezaji wa kubuni, akina Castolo na Minanda, wenye kasi ndogo na mashuti yasiyofika, na ulinunua wachezaji bora kwa pointi ulizozipata kwa kushinda mechi. Masika yote ya mwaka mmoja nilicheza na Castolo kwa memori kadi, ile ya kuhifadhi ulipofikia, ya kuazima. Siku nilipofikisha pointi za kumnunua mshambuliaji wa kweli nilipiga kelele hadi mama akaja kuuliza kulikoni, na nadhani wengi waliocheza enzi zile wana siku kama hiyo. Mchezaji yule nilimpata kwa jasho, ndiyo maana nilimthamini.

Niseme pia ubaya wa gemu ninayoisifu. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ni gemu ya watu wazima, na sisi tuliicheza tukiwa wadogo, jambo ambalo halikuwa sawa, katika hilo mzazi yule ana haki yake yote. Jiji lake lilikuwa na uhai ambao hatukuwahi kuuona kwenye gemu. Lakini ina kazi moja ya kufukuza treni ambayo hadi leo naiona ni uonevu. Unamkuta Big Smoke, rafiki wa mhusika unayemwendesha, nyumbani kwake, unaendesha gari hadi stesheni, unapanda pikipiki, kisha unaifukuza treni yenye maadui wanne juu ya mabehewa huku yeye amekaa nyuma yako anapiga risasi. Kuendesha niliendesha vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga behewa na kumwacha mtu. Nilishindwa siku nne, na kila nilipoambiwa nimeshindwa ilinibidi nirudi mwenyewe hadi nyumba ya Big Smoke na kuianza safari upya. Baadaye nikagundua kwamba ukikaa mbali kidogo, upande wa kulia wa treni, shabaha yake inapata. Gemu haikuwahi kunidokeza hivyo, wala kushindwa kwangu hakukunifundisha, kwa sababu aliyekosea hakuwa mimi.

Hata hivyo, uonevu ule ulikuwa wa bahati mbaya. Unaonitia uchungu ni ule unaopangwa. Katika Candy Crush Saga, gemu ya simu ya kupanga peremende iliyotoka mwaka 2012, una maisha 5, na ukiyamaliza kila uhai mmoja unarudi baada ya nusu saa, isipokuwa uwaombe marafiki au utoe fedha. Subira hapo imegeuzwa kuwa bidhaa. Katika gemu za mpira za FIFA za kampuni ya EA, ambazo tangu 2023 zinaitwa EA Sports FC, kuna sehemu iitwayo Ultimate Team, ambapo wachezaji hupatikana kwa kufungua pakiti usizojua ndani yake kuna nani. Pakiti hizo unaweza kuzipata kwa kucheza muda mrefu sana, au kwa kununua leo hii. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hii ni kamari, na mapema mwaka 2019 EA ikaacha kuuza nchini humo sarafu za kuzinunulia. Linganisha na Castolo. Kule nilibadilisha ushindi kwa mchezaji. Huku mtoto anabadilisha fedha ya mzazi kwa bahati.

Hili limenigusa nyumbani. Mpwa wangu wa miaka kumi na moja alikuwa akicheza gemu moja ya bure kwenye simu ya mama yake, simu ambayo kadi ya benki ilikuwa imehifadhiwa ndani yake. Jioni moja alibonyeza sanduku linalong'aa, likafunguka, akabonyeza jingine. Dada yangu alipata ujumbe wa benki akiwa jikoni: Sh86,000 zimeondoka. Mtoto alikuwa analia kwa sababu hakuelewa kwamba ile alama ya almasi ilikuwa fedha. Nilipoichukua simu nikaicheza ile gemu kwa saa nzima, nikaona jinsi ilivyo rahisi hatua za mwanzo, kisha ghafla hatua moja haipitiki kwa ujuzi wowote, na hapohapo sanduku linajitokeza. Huo ni mtego, na mtoto wa miaka kumi na moja hana namna ya kuutambua.

Kuna kero nyingine ninayoitaja kwa ufupi. Septemba 2021 PES tuliyokulia ikarudi kwa jina la eFootball, bure, ikiwa haijaiva, yenye nyuso za wachezaji zilizopinda, na Konami ikalazimika kuomba radhi. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva, yaani kompyuta za mtandaoni, zilizoiendesha gemu yake ya magari The Crew, na watu waliokuwa wameinunua kwa fedha zao wakabaki na kitu kisichofunguka. Kwetu sisi tunaonunua bando kidogokidogo, gemu isiyowaka bila intaneti ni gharama ya kila siku, na ni haki yetu kuambiwa hivyo kabla ya kuipakua.

Naijua pia gemu ya siku hizi inayonipa raha kama ya zamani. Celeste, ya mwaka 2018, inamhusu msichana Madeline anayepanda mlima, na inakwenda vizuri hata kwenye kompyuta mpakato yangu ya mtumba. Nimekufa humo mara nyingi sana, lakini ukifa unarudi palepale mara moja, kidole hakijapoa, na kila kifo kinakuonyesha uliruka mapema au ulichelewa. Anayeona imemzidi anaweza kuipunguza kasi kwa hiari yake, bila malipo na bila kuaibishwa. Mke wangu, ambaye hakuwa mpenzi wa gemu, aliupanda mlima ule kwa njia hiyo, na usiku alipofika kileleni tulikaa wote wawili mbele ya kioo hadi saa saba.

Ndugu Mhariri, kila wiki gazeti lako hutupatia uchambuzi wa mechi za ligi na wa nyimbo mpya, na wasomaji tunaupokea kwa kuwa waandishi wako wanasema kizuri na kibaya bila kupendelea. Naomba gemu nazo zifanyiwe jambo hilohilo katika robo ya ukurasa. Mchambuzi aicheze kweli, kisha atuambie ni ya umri gani, inakula bando kiasi gani, inahifadhi ulipofikia au inakurudisha mwanzo, na inaanza kudai fedha katika hatua ya ngapi. Dada yangu angeyasoma mambo hayo manne kabla ya kumkabidhi mtoto simu. Ukikosa mwandishi wa kuanzia, mimi nipo tayari kuandika za kwanza bila malipo, na ile ya almasi nimeshaicheza hadi hatua inapokwama.

Ni mimi msomaji wako,
Kihonda, Morogoro